Sola Inawaka, Kampuni Imezimika: Fedha za Teknolojia ya Tabianchi Zinavyofanya Kazi

Aprili 2019 kampuni ya Mobisol iliingia kwenye taratibu za ufilisi huko Berlin, yalikokuwa makao yake makuu. Huku kwetu mitambo yake ya sola iliendelea kuwasha taa na televisheni katika nyumba za Tanzania, Rwanda na Kenya kana kwamba hakuna lililotokea. Paneli zilikuwa juu ya bati, betri zinachaji, wateja wanalipa kwa simu. Baadaye mwaka huohuo Engie, kampuni kubwa ya nishati ya Ufaransa, iliinunua. Ilikuwa imeshainunua pia Fenix ya Uganda, ikaziunganisha, biashara ikaendelea chini ya jina jingine.

Ukiisoma habari hiyo haraka utasema sola imefeli. Sola haikufeli. Kilichokwama ni fedha iliyokuwa nyuma yake, na hapo ndipo wanapochanganyikiwa wengi wanaotaka kuweka akiba yao, ya chama chao au ya mfuko wa pensheni katika kampuni changa za nishati na majengo. Huwa tunauliza kama teknolojia inafanya kazi. Kwa sehemu kubwa ya kampuni hizi swali hilo lilishajibiwa miaka mingi iliyopita. La kuuliza ni hatari ipi imebaki, na ni fedha ya nani inayoweza kuibeba hatari hiyo bila kuvunjika mgongo.

Maana fedha zinatofautiana tabia. Ruzuku hutoka serikalini au kwa mfadhili. Hairudi, na mtoaji anajua hairudi. Kazi yake ni kulipia jambo ambalo bado hakuna anayejua kama linawezekana. Fedha ya hisa humpa mwekezaji kipande cha kampuni: hana riba ya kudai wala tarehe ya kulipwa, kampuni ikifa anakula hasara pamoja na waanzilishi, ikinawiri anavuna mara kumi, pengine mara hamsini. Mkopeshaji ni mtu mwingine kabisa. Hata kampuni itajirike vipi, yeye hapati zaidi ya riba yake, kwa hiyo hana sababu ya kubeba hatari asiyoielewa. Atataka aone mapato ya miaka iliyopita, mkataba na dhamana. Mwisho kabisa zipo fedha nyingi na za bei nafuu, za mifuko ya pensheni, kampuni za bima na wanunuzi wa hati fungani, yaani vyeti vya mkopo vinavyouzwa kwa watu wengi. Hizi hupenda mambo yanayochosha. Bwawa lenye mkataba wa kuuza umeme kwa miaka 20 ndiyo raha yao.

Kuipa kampuni fedha isiyo ya umri wake ni sawa na kumlisha mtoto mchanga makande: chakula hakina ubaya, tumbo ndilo halijawa tayari.

Somo ghali la California

Kati ya 2006 na 2011, mifuko ya mitaji ya Marekani, Silicon Valley ikiwa mbele, ilimwaga zaidi ya dola bilioni 25 katika kampuni changa za nishati safi. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT walipopiga hesabu zao mwaka 2016 walikuta zaidi ya nusu ya fedha hizo imepotea.

Wawekezaji wale hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wametajirika kwa programu za kompyuta na intaneti, wakadhani nishati itakwenda vilevile. Mfuko wa aina hii kwa kawaida huishi takriban miaka 10: mwanzoni unanunua hisa, mwishoni unaziuza ili wenye fedha wapate chao. Katika kampuni kumi, nyingi hufa, na moja au mbili hulipia zote. Kwenye programu hesabu hiyo inakubali, kwa sababu programu ikishaandikwa, kumpa mteja wa milioni moja hakugharimu karibu chochote. Kiwanda cha betri hakiko hivyo. Ukitaka kuzalisha mara mbili unajenga mara mbili, na ukimaliza kujenga unauza bidhaa ambayo mteja hajali imetoka wapi, mradi ni rahisi. Umeme hauna mashabiki wa chapa.

Solyndra ndiyo mfano uliosemwa zaidi. Ilianzishwa 2005 kutengeneza paneli zenye umbo la mirija, zisizohitaji silikoni, malighafi ya paneli za kawaida, na wazo hilo lilikuwa na akili: mwaka 2008 kilo moja ya silikoni safi ilipita dola 400 sokoni. Tatizo ni kwamba bei ileile iliyoipa Solyndra sababu ya kuwepo iliwapa wengine, Wachina hasa, sababu ya kujenga viwanda vipya vya silikoni. Bei ikaporomoka, paneli za kawaida zikashuka nayo, na Solyndra ikabaki na mirija mizuri isiyo na mnunuzi. Ilifunga 2011, ikiwa na mkopo wa dola milioni 535 uliodhaminiwa na serikali ya Marekani. Wanasiasa waliitumia kama fimbo kwa miaka. Wachache walikumbuka kuongeza kwamba Wizara hiyohiyo ya Nishati iliikopesha Tesla dola milioni 465, na mwaka 2013 Tesla ikazilipa zote, miaka 9 kabla ya muda.

Kwa hiyo fedha ya hisa ilibebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kuthibitisha wazo na kujenga kiwanda. Ya kwanza inaiweza. Ya pili inahitaji mamia ya mamilioni na uvumilivu wa miaka, na benki nazo haziingii mpaka zione kiwanda cha kwanza kikifanya kazi. Kampuni nyingi hufia hapo katikati, zikiwa zimeshatoka maabara lakini hazijafika benki. Mfuko wa Breakthrough Energy Ventures, ulioanzishwa na Bill Gates na wenzake mwaka 2016 ukiwa na zaidi ya dola bilioni moja, ulijipa uhai wa miaka 20 badala ya 10. Huko ni kukiri kwa maandishi kwamba saa ya nishati inakwenda polepole kuliko saa ya intaneti.

Afrika Mashariki: duka la sola au benki?

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine kwa kuwa hatukulazimika kubuni paneli. Kazi hiyo ilishafanyika, na hasara yake ikaliwa na wengine. Wati moja ya paneli iliyokuwa karibu dola 4 mwaka 2008 ilikuwa imeshuka chini ya senti 30 kufikia 2020. Kilichokuwa kinamkwamisha mtu wa Homa Bay au Kahama ni kukosa fedha ya kununua mtambo kwa mkupuo, wakati ya mafuta ya taa alikuwa anaipata kila jioni, kidogo kidogo.

M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya mwaka 2012. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa miongoni mwa walioibuni M-Pesa akiwa Vodafone, na inaonekana. Ndani ya kisanduku cha betri walitia laini ya simu. Mteja alitoa amana ya karibu shilingi 3,000, kisha akalipa shilingi 40 kwa siku kwa mwaka mmoja. Akituma malipo, kampuni inakiamrisha kisanduku kiwake siku moja zaidi. Asipotuma, taa zinagoma, na hakuna haja ya dalali kubisha hodi. Jumla yake kama shilingi 17,600, na mwaka ukiisha mtambo ni wake. Huko Arusha, Off Grid Electric, iliyokuja kuitwa Zola, ilikuwa inaanza safari hiyo karibu wakati huohuo.

Lipa mdogo mdogo ni kitu kizuri kwa mteja. Ila tazama kinachotokea upande wa pili wa kaunta. Tuchukue kampuni ya kufikirika. Mtambo mmoja unaigharimu dola 100 mpaka ufike juu ya paa. Mteja anatanguliza dola 10, kisha anatoa dola 6 kila mwezi kwa miaka miwili. Jumla dola 154. Biashara ya faida, sivyo? Sasa iuze mitambo 10,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza zinatoka dola milioni moja, zinaingia laki moja: shimo ni dola 900,000. Mwezi wa pili unaongeza shimo jingine la 900,000, ila wateja wa kwanza wanakurudishia 60,000. Wa tatu wanarudisha 120,000. Ukiendelea hivyo, makusanyo yanakuja kulingana na manunuzi mwezi wa 16, na hapo shimo zima limefika dola milioni 7.2. Hapo hakuna mteja hata mmoja aliyekwepa kulipa, hakuna betri iliyokufa, hakuna mfanyakazi aliyelipwa mshahara. Ukiongeza kasi ya mauzo, kama wawekezaji wanavyopenda, shimo linazidi kwenda chini. Mkataba ukiwa mrefu zaidi, hali ni mbaya zaidi. Mobisol iliuza mitambo mikubwa kwa malipo ya hadi miaka 3.

Ndiyo maana nasema kampuni hizi ni wakopeshaji waliovaa kofia ya sola. Kabla ya kuuliza paneli ina wati ngapi, uliza kitabu cha mikopo kikoje.

Shimo lile lijazwe na nini? Ukilijaza kwa fedha ya hisa, unanunulia betri za Kichina kwa fedha ghali kuliko zote, na waanzilishi wanajikuta wamebaki na kipande kidogo cha kampuni yao. Ukienda benki ya hapa, mwanzo mwanzo hukopesheki, na hata ukikopesheka unashindana na serikali: mwanzoni mwa 2024 hati za muda mfupi za Hazina ya Kenya zilikuwa zinalipa takriban asilimia 16. Benki inayoweza kupata 16 bila kutoa jasho itakudai ngapi wewe mwenye wateja wanaolipa shilingi arobaini arobaini?

Basi fedha ikatoka Ulaya na Marekani, kwa dola, kwa riba ya kuvutia, na hapo ukaingia mtego mwingine. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilifika kama 160. Kampuni iliyokopa dola milioni moja ilidaiwa shilingi milioni 123, na mwaka mmoja baadaye, bila kukopa hata senti zaidi, ikadaiwa milioni 160. Mteja wake kijijini hajui habari za dola. Bei yake iko kwenye mkataba. Baadaye shilingi ilipanda tena hadi karibu 129, lakini aliyekuwa na malipo ya Januari hakupewa nafasi ya kusubiri.

Ufumbuzi uliopatikana ni wa kibenki kabisa, na kwangu mimi ndio ubunifu mkubwa kuliko kisanduku chenye laini ya simu. Kampuni inakusanya madeni ya wateja wake maelfu kwa maelfu na kuyauza kwa kampuni ya pembeni iliyoundwa kwa kazi hiyo moja. Hiyo ya pembeni inakopa, na kinacholipa deni ni makusanyo ya wateja. Kampuni mama inapata fedha yake leo, inaagiza mitambo mingine, na mkopeshaji ameshika kitu anachoweza kukipima, yaani madeni ya watu wengi wanaolipa kidogo kidogo. d.light ilifanya hivyo Kenya mwaka 2020. Mwaka 2023 Sun King na benki ya Citi walifunga mpango wa thamani ya dola milioni 130, na ulipangwa kwa shilingi za Kenya, hivyo dola ikipanda mteja na kampuni hawatetemeki.

Mwaka huohuo M-KOPA ilipata zaidi ya dola milioni 250. Fungua kifurushi hicho uone kilichomo: zaidi ya milioni 200 ni mkopo ulioongozwa na Standard Bank, na kama milioni 55 ni hisa, Sumitomo ya Japani ikiwa mbele. Kwa kila dola ya hisa kuna tatu na nusu hivi za mkopo. Na wakati huo bidhaa yake kubwa ilikuwa tayari simu janja. Wapo waliolalamika kwamba imeiacha sola. Mimi naona ilifuata ilichokuwa nacho mkononi: rekodi ya nani analipa, lini, na anapochelewa huchelewa kwa siku ngapi.

Rekodi hiyo ndiyo mwekezaji anapaswa kuichimba, na haichimbiki kirahisi. Mkopo wa benki una tarehe, ikipita, umechelewa. Lipa mdogo mdogo haina tarehe. Mteja akikaa gizani wiki mbili, ameshindwa kulipa, amesafiri msibani, au anangoja avune mahindi? Kampuni yenye haya itamhesabu kuwa deni bovu baada ya muda fulani. Isiyo na haya itasema bado ni mteja wetu, amepumzika tu. Vitabu viwili vyenye wateja walewale vinaweza kusimulia hadithi mbili tofauti. Waulize wamekusanya asilimia ngapi ya walichotarajia kwa wateja waliouziwa robo fulani ya mwaka, wakiwa peke yao, bila kuchanganywa na wateja wapya. Wateja wapya daima hulipa vizuri. Ndio wanaoficha uozo wa zamani.

Majengo yana ukaidi wake

Majengo na ujenzi, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, hutoa zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa yote inayotokana na nishati na viwanda. Sehemu kubwa hutokana na kuyaendesha majengo, yaani joto, baridi na taa. Inayobaki ni saruji, chuma na vioo vya kuyajengea. Soko kubwa kiasi hicho huwatia watu tamaa, na kuna waliotokwa na fedha za kutisha.

Katerra, kampuni ya California iliyoanzishwa 2015, ilitaka kuhamishia ujenzi kiwandani: kuta, mabomba na madirisha vitengenezwe kwa mashine kisha viunganishwe kiwanjani. SoftBank ya Japani iliipa takriban dola bilioni 2. Ilifilisika Juni 2021. View ilitengeneza vioo vinavyojitia kiza jua linapowaka, ili jengo lisipate joto. SoftBank hiyohiyo iliwekeza dola bilioni 1.1 mwaka 2018, na 2024 View ikaingia mahakama ya ufilisi. Kwa upande mwingine Nest, iliyoanza 2010 na kifaa cha ukutani cha kurekebisha joto la nyumba, ilinunuliwa na Google mwaka 2014 kwa dola bilioni 3.2.

Kwa nini kifaa kidogo kilishinda ukuta na dirisha? Kifaa cha Nest mwenye nyumba alikinunua dukani na kukifunga mwenyewe Jumamosi. Kioo cha View kilihitaji msanifu akubali, mhandisi akubali, mkandarasi asikipandishie bei, fundi wa vioo ajifunze umeme, bima iridhike, na wote hao wafanye hivyo miaka miwili kabla ya kioo kufika kiwanjani. Yeyote kati yao anaweza kusema "tumezoea hiki", na mchezo umekwisha. Katika ujenzi hakuna anayefukuzwa kazi kwa kutumia kitu cha kawaida.

Kisha kuna jambo ambalo kila mpangaji wa Kinondoni au Nyali analijua bila kusoma uchumi. Mwenye nyumba anafunga AC ya bei ya chini kabisa aliyoikuta Kariakoo, kwa kuwa yeye haiendeshi. Mpangaji ndiye anayeweka luku, ndiye anayeona yuniti zikiyeyuka usiku wa Januari, lakini hawezi kununua AC ya inveta inayokula umeme kidogo halafu aiache ukutani mkataba ukiisha. Anayelipia kifaa hafaidi, anayefaidi halipii. Hapo teknolojia haikosekani hata kidogo. Iko dukani, rafu ya juu. Kampuni changa inayotaka kufanya kazi hapo inabidi ibaki na umiliki wa mashine na kuuza baridi kwa mwezi, ikigawana na jengo kile kilichookolewa kwenye bili. Ukishaanza kumiliki mashine za watu wengine na kulipwa kidogo kidogo, unajikuta kwenye lile shimo la mwezi wa 16. Mkopo tena.

Wapo waliojaribu kuutatua ukaidi huu kwa kuchagua nani awe mwekezaji. Fifth Wall ya Marekani, iliyokusanya mfuko wa tabianchi wa dola milioni 500 mwaka 2022, inachukua fedha kwa kampuni zenyewe zinazomiliki majengo. Kampuni changa ikipata fedha hiyo, inapata pia mtu mwenye maghorofa ya kujaribia. Napenda hesabu hiyo, ingawa ina hatari yake: mteja anayekununua kwa sababu ana hisa zako hajakuthibitishia kwamba wengine watakununua.

Saruji ni ngumu zaidi. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake haitokani na moto wa tanuri. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Hata ukilichoma kwa umeme wa jotoardhi wa Olkaria, gesi itatoka. Nchi zetu zimekuwa zikipunguza kwa njia ya kawaida isiyosifiwa, kwa kuchanganya majivu ya volkano na saruji, na aliyejenga kwa saruji ya pozolana ameshashiriki bila kutangaza. Wanaotaka kuondoa chokaa kabisa wanakwama palepale, katikati ya maabara na benki, palipozimeza kampuni za California. Sublime Systems, iliyotoka MIT, ilikuwa imeahidiwa na serikali ya Marekani dola milioni 87 kwa ajili ya kiwanda chake cha kwanza huko Holyoke, Massachusetts. Mei 2025 serikali mpya ikafuta ahadi hiyo.

Mkono wa serikali

Ahadi kufutwa si jambo la Marekani peke yake. Kenya ilirudisha VAT kwenye vifaa vya sola mwaka 2020, ikaiondoa tena 2021. Aliyekuwa na kontena bandarini Mombasa katikati ya hapo analikumbuka vizuri. Tanzania, mwaka 2020, iliagiza wenye gridi ndogo za vijijini wauze umeme kwa bei ya TANESCO, shilingi 100 kwa yuniti, wakati bei zao zilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Kwa mwananchi wa kisiwani Ziwa Victoria agizo lilikuwa haki tupu: kwa nini maskini alipe zaidi kuliko mtu wa Masaki? Kwa mwekezaji, mapato ya miaka ijayo yalifutwa kwa tangazo. Wote wawili walikuwa na hoja, na ndiyo maana hatari ya sera haiishi kwa kuwa na wanasheria wazuri. Ruzuku nazo zina mwenyewe: mpango wa Power Africa, uliozinduliwa na Obama mwaka 2013, ulikufa 2025 pamoja na USAID, ukaziacha kampuni zilizokuwa zimeutegemea mikono mitupu.

Hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyozuiwa wanavyonunua wanaotaka kufidia moshi wao, zinastahili tahadhari ya pekee. Kampuni nyingi za majiko sanifu huuza jiko chini ya gharama na kufidia pengo kwa kuuza hati za moshi uliookolewa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti ulioonesha kuwa miradi ya majiko waliyoichunguza ilikuwa imepewa hati mara 9 hivi zaidi ya kilichookolewa kweli. Wanunuzi wakashtuka. Kama mapato makubwa ya kampuni yanatoka kwa mnunuzi wa hati aliyeko Ulaya na yanahitaji barua ya idhini kutoka wizarani, basi mteja wa kampuni hiyo si mama mwenye jiko.

Mwenye laki tano

Hisa za kampuni changa haziuzwi kwa mtu wa kawaida, na kusema kweli hajapoteza sana. Hizo ni za anayeweza kupoteza yote na asiugue. Fedha ndogo ina nafasi kule kunakochosha. Mwaka 2023 benki ya CRDB ilitoa hati fungani ya kijani, Kijani Bond, ikitafuta shilingi bilioni 40 za Tanzania. Zikaja zaidi ya bilioni 171. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi 500,000. Kabla yake, 2019, kampuni ya Acorn ya Nairobi ilikopa kwa hati fungani ya kijani shilingi bilioni 4.3 za Kenya kujenga hosteli za wanafunzi kwa riba ya asilimia 12.25. Majengo hayo yalipaswa kufikia kiwango cha majengo ya kijani cha EDGE, ambacho wakati huo kilidai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya nishati iliyomo kwenye vifaa vya ujenzi. Hakuna kilichobuniwa pale. Ni hosteli zilizojengwa kwa akili na vyumba ambavyo wanafunzi wangevipanga tu. Kilichokuwa kipya ni kwamba GuarantCo, kampuni ya kudhamini mikopo, iliahidi kubeba nusu ya hasara deni lisipolipwa, na fedha zilizozoea hati za serikali zikakubali kusogea hatua moja.

Walioko ughaibuni wamekuwa na njia nyingine: majukwaa kama Trine ya Sweden na Lendahand ya Uholanzi yaliwawezesha watu wa kawaida kuzikopesha kampuni za sola za Afrika kwa euro chache. Unachobeba hapo ni hatari ya mkopo, pamoja na ile ya shilingi dhidi ya euro, iwe imeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo.

Na kwenye makundi ya WhatsApp kuna njia ya tatu: bango lenye picha ya paneli, likiahidi asilimia 5 kila mwezi kwa atakayewekeza "kwenye nishati ya jua". Rudi kwenye mtambo wetu wa kufikirika. Dola 90 zinatoka baada ya amana, zinarudi dola 6 kwa miezi 24. Kila mteja akilipa kila mwezi bila kukosa, fedha hiyo inazaa asilimia 4 na kidogo kwa mwezi, kabla ya mshahara wa fundi, kodi ya duka, betri zilizokufa, riba ya benki na wateja waliozima simu. Mwenye bango anakuahidi zaidi ya kinachopatikana kabla ya gharama hata moja kutolewa.